Mapapai Yaliyoogeshwa kwa Rozari

Nimekasirishwa na papai, na wala sioni haya kulisema. Jumamosi ile, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, ulipokwisha na maduka yakaanza kufunguliwa, niliteremka sokoni Kicukiro nikachagua papai moja zuri, limeanza kugeuka manjano upande mmoja, ngozi laini, kikonyo bado kibichi. Nikalibeba kwenye mfuko wa kaki kwa uangalifu wote. Jumatatu asubuhi nilipoliinua kutoka kwenye bakuli, vidole vilizama. Chini kulikuwa na madoa meusi ya mviringo, yamebonyea, katikati yana utelezi wa rangi ya chungwa, na pembeni ukungu mweupe umeshaanza kuota.

Si papai la kwanza kunifanyia hivyo mwaka huu. Nilikwisha kulaumu joto, nikalaumu jokofu, nikamlaumu hata mwenye nyumba wangu. Safari hii nililirudisha sokoni. Mwuza matunda, mwanamke wa rika langu, alilitazama papai, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kabisa, "Sasa dada, mimi nitafanya nini? Hii si mimi. Iko Mungu ndiyo anajua."

Ningenyamaza kama angesema papai liligongwa kwenye lori, au hata kama angenitukana. Lakini alimsingizia Mungu, na hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilimwambia kwa sauti, watu wakageuka, kwamba Mungu hana habari na papai hili. Kilichokosekana ni maji ya moto na mtu wa kusubiri kando ya chombo! Akacheka, akanipa ndizi mbili ili niondoke. Ndizi nilizichukua, na hasira nikaondoka nayo.

Wewe rafiki yangu huenda unaona nimezidisha. Mtu mzima, mwenye kazi na funguo za ofisi, kugombana sokoni kwa ajili ya papai? Basi kaa nikueleze jinsi tulivyoyatunza mapapai nyumbani kwetu Gahanga, na jinsi nyumba ile ilivyovunjika, ndipo unihukumu.

Gahanga niliyokulia mimi si hii ya mageti ya chuma na vigae. Ilikuwa mteremko wa udongo mwekundu unaotazama Bugesera, mihogo, maharage, vijumba vilivyoachana, na kengele za baiskeli zikishuka barabarani alfajiri. Baba yangu aliendesha malori ya Dar es Salaam na mama alifanya kazi mjini, kwa hiyo nililelewa na bibi, mama yake baba, pamoja na shangazi, binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa hajaolewa. Walikuwa wamerudi kutoka Burundi, na nyumbani kwetu Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili vilipikwa chungu kimoja. Bibi alisali kwa Kinyarwanda, alihesabu kwa Kirundi, na alipokasirika alitumia Kiswahili, maana alisema ndiyo lugha inayotosha.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mipapai yake. Kuvuna kulikuwa na adabu zake. Hukuvuna mpaka umande ukauke. Hukutikisa mti, ulipanda ngazi, ukalishika papai kwa mikono miwili ukalizungusha mpaka kikonyo kikatike chenyewe. Utomvu mweupe ulitutiririkia mpaka kwenye viwiko, na jioni tuliwashwa tukajikuna ukutani. Papai lililoanguka, hata kutoka kimo cha magoti, halikwenda popote, lililiwa nyumbani. Mabichi yaliyoanguka yalikatwakatwa yakapikwa na maharage, na mpaka leo sijala mboga tamu kuliko ile.

Kisha yakaja maogesho. Ndiyo, mapapai yaliogeshwa, na kwa heshima kuliko mimi. Bibi alieleza kwamba ule ugonjwa wa madoa meusi, aliouita ndui ya papai, hauji nyumbani. Unatoka shambani na tunda lenyewe, umelala kwenye ngozi, huuoni. Unasubiri papai liive, ndipo uamke. "Sasa wewe," alisema, "unauchoma ungali usingizini."

Tulikuwa na nusu ya pipa juu ya mafiga, na kando yake chungu kikubwa cha maji yanayochemka. Kazi yangu ilikuwa kuni na kuteka. Maji ya pipa yalipopata moto, bibi alitia viganja viwili vya bikarbonati, ule unga mweupe wa dukani ambao wengine hutia kwenye maharage ili yalainike. Halafu akapima joto, na hapa usicheke. Alitumbukiza mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafanya ishara ya msalaba polepole. Kama alifika "Amina" na mkono bado umetulia, maji ni ya baridi, kuni ziongezwe. Kama alishindwa kufika kwa Mwana, maji yamezidi, yataivisha tunda. Yalipokuwa sawa, mkono ulivumilia mpaka Roho Mtakatifu, ukaruka kwenye "Amina".

Mapapai yakaingia. Yanaelea, bila shaka, kwa hiyo tuliyakandamiza kwa ungo mkuukuu na jiwe juu yake. Bibi akachomoa shapule yake, ile rozari ya mbegu nyeusi, akaanza. Rozari nzima, matendo yote matano, bila kuruka. Yeye aliongoza, shangazi na mimi tukaitikia, macho yakitutoka machozi kwa moshi. Kila kumi moja ya Salamu Maria ilipokwisha, kwenye "Atukuzwe Baba", shangazi aliinuka akachota kata moja ya maji yanayochemka kwenye chungu akaimimina pipani, ili joto lisishuke. Rozari ilipokwisha mapapai yalitoka, yakaingia kwenye beseni la maji baridi, kisha yakalazwa kivulini juu ya nyasi kavu, yasigusane. Hakuna aliyeruhusiwa kuyafuta kwa nguo.

Harufu ile siwezi kukuuzia. Ilikuwa utamu mbichi wa papai, moshi wa mikaratusi na mvuke wenye ladha ya sabuni kidogo. Na sauti zilikuwa zile, "Ndakuramutsa Mariya, wuje inema," ndiyo Salamu Maria ya Kinyarwanda, mara hamsini, polepole, maana bibi hakupenda sala ya kukimbia. "Haraka haraka haina baraka," alisema, na kwa papai methali hiyo ilikuwa kweli tupu.

Mapapai yake yalikaa. Ya majirani yalioza kwa siku chache, yake yaliiva sawasawa, manjano safi, bila doa. Ndiyo sababu hoteli moja ya Kiyovu, katika yale majumba ya zamani yenye bustani, ilichukua mapapai kwake peke yake. Mapapai yalipanda kwenye pikapu ya maziwa alfajiri, na shangazi akaenda nayo. Mpishi mkuu wa pale alikuwa mzee mkali aliyejifunza kazi enzi za Kifaransa, lakini kwa mapapai ya bibi hakuwa na neno. Nyumba yetu iliishi kwa mapapai yale, na bibi aliishi kwa jina lile. Mtu aliyerudi kutoka ugenini na virago viwili anahitaji kujulikana kwa kitu. Yeye alijulikana kwa papai lisilooza.

Alijifunza wapi? Kwa mtawa, huko Burundi, alipokuwa kibarua kwenye bustani ya misheni. Mtawa yule hakuwa na saa, basi alipima muda kwa rozari. Bibi alitusimulia hivyo mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Mnaona? Ni Maria anayetunza." Mimi mtoto niliitikia. Lakini sasa naona alivyokuwa amelishika jibu mkononi, akaliweka chini, akaondoka na jingine.

Nilikuwa bado shule ya msingi shangazi alipookoka. Kanisa lilikuja njia panda na turubai la bluu, spika mbili na mchungaji kijana aliyevaa suti kwenye vumbi. Shangazi alikwenda kusikiliza kwaya akarudi amevua hereni. Mimi sikuwa na ugomvi na wokovu wake. Aliacha kunifinya, akaanza kuimba akifua. Bibi naye alinung'unika kidogo, kisha akasema mtoto wa kike akikaa nyumbani muda mrefu lazima apate kitu cha kushika.

Shida ilianza siku ya maogesho. Kwa wakati ule mvuke ulikuwa umeshaanza kumwumiza bibi kifua, akawa anakaa mlangoni kwenye mkeka, na pipa lote liko mikononi mwa shangazi. Maji yakapata moto, bikarbonati ikaingia, mapapai yakaingia. Bibi akachomoa shapule. Shangazi akasimama na kata mkononi.

"Mama, mimi siwezi kusari hii tena. Nimeokoka. Hiyo iko kuomba mtu."

"Basi liombe papai," akajibu bibi.

"Nitaomba Yesu mwenyewe. Yeye hana haja ya kuhesabiwa shanga."

Bibi aliikunja shapule kiganjani. Kisha akasema, "Mimi na Maria tumetoka mbali. Tumevuka mto Akanyaru pamoja, kwenda Burundi na kurudi. Wakati wa kwenda wewe ulikuwa mgongoni, bado unanyonya. Leo ndiyo unamjua Mungu kuliko mimi?"

Shangazi akafumba macho akaanza sala yake. Ilikuwa sala nzuri, sitasema uongo. Lakini haikuwa na kumi wala "Atukuzwe". Aliomba kwa ajili ya wagonjwa, akaiombea serikali, akasema "Amina", akatoa mapapai. Maji hayakuwa yameongezwa hata kata moja. Bibi alikuwa hajafika tendo la pili.

Wiki iliyofuata Roho alimshukia vizuri. Shangazi alilia, akanena kwa lugha, akazunguka pipa ameinua mikono, na mimi, nisiyejua la kufanya, nikaendelea kuchochea kuni kama nilivyozoea. Alipofungua macho mapapai yalikuwa yameiva kama viazi. Tuliyala kwa vijiko jikoni, sisi watatu.

Niambie, kulikuwa na ugumu gani? Pale sisi tulipoona ukuta, jirani yetu aliuona mlango siku hiyohiyo. Alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, mwenye Kiswahili cha kujivunia na mdomo usio na komeo. Yeye pia aliogesha maembe yake kwa maji ya moto, alijifunza kwa bibi. Alipoona maganda yaliyochemka alikuja akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Nyinyi watu mna nini? Maji ya moto hayaulizi dini! Mimi nikiogesha maembe yangu naimba nyimbo za harusi, nyimbo saba za kumtoa bi harusi, na kila wimbo ukiisha naongeza maji. Na maembe yangu yanakaa. Wewe binti, imba za kwaya yako. Wewe mama, sali yako. Imbeni mnachotaka, lakini msubiri!"

Ilikuwa imekwisha hapo, au ingekwisha, laiti ingekuwa nyumba ya watu wenye akili. Bibi alimjibu, "Wewe maembe yako ni ya Waislamu," kana kwamba embe limetahiriwa. Shangazi naye akasema nyimbo za dunia hawezi, na nyimbo za Mungu haziimbwi kwa kupima mapapai. Jirani akaangua kicheko, kisha akaona wenzake hawacheki. Akanitazama mimi kwa huruma, akaenda zake.

Ndiyo maana nina hasira, rafiki yangu. Hawakuwa wajinga wale wanawake wawili. Bibi aliweza kukuambia kwa kunusa tu kama papai litaiva Jumatano au Alhamisi. Shangazi alisoma kuliko wote ukoo mzima. Lakini walikuwa wameshalitoa papai kwenye maji wakalipeleka mahakamani. Kila mmoja alitaka limtolee ushahidi mbinguni. Kuanzia siku ile hakuna aliyetaka papai lipone. Kila mmoja alitaka papai lipone kwa njia yake, au lioze kwa njia ya mwenzake.

Na usidhani nawasingizia. Nilimwona bibi. Asubuhi moja alijikongoja mpaka kivulini tulikolaza mapapai, akainama, akaligeuza moja. Chini palikuwa na doa jeusi, dogo, la kwanza kabisa nililowahi kuona kwenye mapapai yetu. Uso wake ulinyooka. Alifurahi! Mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote alipigana na ndui ile kama mtu anayelinda mtoto, aliliona doa akafurahi. "Unaona," akaniambia kwa sauti ya chini, "Maria hakupendezwa." Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyeongeza maji, kwamba mimi mwenyewe nilikuwepo nikaona moto ukilala. Lakini mtoto wa kwetu hamfundishi bibi yake, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri mno.

Shangazi yeye alipoyaona madoa alisema ni majaribu, adui anapigania kazi ya mikono yake. Akayatenga yenye madoa, akayawekea mikono yaliyoonekana safi, akayapakia kwenye vikapu vya Kiyovu. Nilikuwa likizo, nikaenda naye. Alikuwa ameshasahau, au hakutaka kukumbuka, alichofundishwa tangu utoto kwamba lile unaloliona safi, ndui yake bado imelala.

Mapapai yale mpishi aliyapokea. Tuliporudi na mzigo uliofuata alikuwa anatusubiri uani, nyuma ya jiko, miguuni pake vikapu vyetu vya safari iliyopita. Hakupiga kelele. Alichukua papai moja kikapuni, akalikata kwa kisu kirefu, akatuonyesha nyama yake ilivyozama kuwa rojo chini ya kila doa. Akakata la pili. Akakata la tatu. Vijana wa jikoni walisimama mlangoni wakitazama, na shangazi alisimama wima na gauni lake refu la kanisani. Naye akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nashika kichwa.

"Papa, tuombe kidogo," akamwambia mpishi. "Haya mapya tumeshayaombea sana. Hayataharibika."

Mpishi aliweka kisu mezani. "Madamu," akasema, "mimi hapa sipokei maombi. Napokea mapapayi. Mama yako alikuwa anareta mapapayi. Wewe unareta nini? Byarangiye. Imekwisha."

Tulirudi na vikapu vyote, vya zamani na vipya, kwenye pikapu ileile ya maziwa, harufu ya uchachu ikitufuata kilima hadi kilima. Shangazi hakulia. Aliimba kwa sauti ndogo njia nzima, na mimi nilimchukia kwa kila ubeti. Alipofika nyumbani akamweleza bibi kwa maneno machache. Nilitegemea bibi apige yowe. Alisema tu, "Nilijua," akageukia ukutani, akachezesha shapule. Waswahili walisema vita vya panzi ni furaha kwa kunguru, na kwetu kunguru alikuwa ule ukungu mweupe. Ulikula mpaka ukasaza.

Shangazi alihamia mjini kabla mwezi haujaisha. Alichukua sanduku na Biblia, akasimama mlangoni muda mrefu. Bibi hakugeuka. Nilibaki naye, nikaogesha mapapai peke yangu kwa rozari yake, na yalikaa, yalikaa vizuri kabisa, lakini Kiyovu hawakutaka tena kusikia habari zetu, na mapapai mazuri yasiyo na pa kwenda yanachosha moyo. Tuliyauza barabarani kwa waenda kwa miguu. Bibi aliacha kunisahihisha nilipokosea. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaondoka.

Shangazi alikuja kwenye mazishi ya bibi na kwenye kuondoa kilio, matanga yalipokwisha. Miaka ile yote katikati hakuja, na hakuitwa. Wanaume wa ukoo waliuza mteremko, kama mteremko wote ule ulivyouzwa. Nilipita pale mwaka jana kwa pikipiki. Pa pipa pameegeshwa gari jeupe, na pa mipapai pana ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Jirani wa Buyenzi naye amehamia kwa watoto wake, sijui wapi. Sikusikia mtu akiimba popote, si rozari, si kwaya, si nyimbo za harusi. Nilisikia jenereta.

Basi baada ya ugomvi wangu wa sokoni nilifanya nililopaswa kufanya miaka mingi iliyopita. Nilipata mapapai manne kwa mkulima anayeyaleta mwenyewe kutoka Bugesera, bado magumu. Jumapili nikapasha maji kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, nikatia bikarbonati. Nikapima joto kwa mkono na ishara ya msalaba, maana kipimo kingine sina. Nikayakandamiza mapapai kwa sahani, nikafungua saa ya simu, nikaandika dakika ishirini. Birika likawa kando la kuongezea maji.

Hapo ndipo shangazi alipobisha hodi. Siku hizi tunaonana, amezeeka, miguu inamvimba, naye huja kwangu baada ya misa. Ndiyo, misa. Umesikia vizuri. Lile turubai la bluu liling'olewa kitambo, mchungaji akaenda zake, shangazi akahangaika huku na huku, na mwisho akarudi kwa Wakatoliki kimyakimya kupitia mlango wa nyuma. Anavaa shapule mkononi. Mara ya kwanza nilipoiona nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi mpaka hasira itulie, la sivyo ningeikata ile kamba shanga zikatawanyika. Sasa? Sasa ndiyo unaisali?

Aliingia jikoni akanusa, akasimama. Alijua mara moja. Akavuta kiti akaketi, akaitazama sufuria, akaitazama simu inayohesabu. Nikaongeza maji. Shanga zake hakuzigusa. Tulikaa hivyo mpaka simu ikalia, nikaanza kuyatoa moja moja.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu, shangazi."

"Kumbe ilikuwa kusubiri tu."

Nilipasuka. Sikumheshimu, nakiri sikutaka. "Jirani alikuambia!" nikamwambia. "Alisimama uani mbele yangu akakuambia, imba unachotaka lakini subiri! Ukamjibu nyimbo za dunia huwezi! Mlikuwa na jibu, mlipewa bure, mkalitema wote wawili! Kwa nini?"

Alitazama mikono yake.

"Jirani aliniambia, ndiyo," akasema. "Mama hakuniambia. Mama angesema tu, wewe imba zako, mwanangu, mradi usubiri... ningekaa pale mpaka leo."

Nilitaka kumjibu kwamba na yeye hakumwuliza. Nilikuwa nalo jibu hilo tayari, kali, la miaka mingi. Lakini alikuwa ameshaanza kulia, mwanamke wa umri ule, kwa sauti ya mtoto anayemwita mtu aliye chumba cha pili, na mimi nilikuwa nimeshika papai la moto mikononi, linaniunguza, na beseni la maji baridi nilikuwa nimesahau kulijaza.